Joho la Khelef Kinuni

Palikuwa na tajiri mmoja, Khelef bin Mselem, aliyekasirika kwa sababu kiwandani mwake hapana mtu aliyeumia. Msinitazame hivyo. Sikilizeni kwanza.

Khelef alirithi kwa baba yake kiwanda cha mafuta ya ufuta. Humo mlikuwa na kinu kikubwa cha gogo, ndani ya kinu mchi mnene, na kichwani mwa mchi boriti ndefu iliyovutwa na ngamia. Ngamia alizunguka kutwa, macho yamefungwa asipate kizunguzungu. Mchi ukasaga, mafuta yakachuruzika. Ngamia huyo hakusimama kwa fimbo wala kwa matusi. Alizoezwa kusimama akisikia vifuu viwili vya nazi vikigonganishwa, basi.

Vifuu hivyo vilikaa mikononi mwa Mize binti Shungu. Marehemu mzee Mselem ndiye aliyempa kazi, baada ya kinu kumsaga mumewe mkono hadi kwenye kiwiko. Alimwambia ahakikishe hapana mwingine. Kila asubuhi Mize aliwakagua watu mlangoni. Kanzu ipandishwe, ifungwe kiunoni. Kilemba kivuliwe. Ufuta usukumwe kwa mwiko, si kwa vidole. Mwenye kubisha aliambiwa, "Sawa, ingia, ila niachie jina la mrithi wako." Watu wakacheka, wakapandisha kanzu.

Khelef hakupandisha kitu. Yeye aliingia na joho la nyuzi za dhahabu linaloburura chini, na juu ya joho amekaza mkumbuu, mshipi mpana wa kiunoni, ili jambia lake lionekane. Kila akitia mguu, Mize aligonga vifuu, ngamia akasimama, kazi ikalala mpaka bwana atoke. Tajiri akaona anadhalilishwa mbele ya watumishi wake. Akamwita.

"Mize, tangu nirithi, ni nani aliyeumia humu?"

"Hakuna, bwana."

"Basi kazi yako ni ipi?"

"Ndiyo hiyo, bwana. Kwamba hakuna."

"Usinichezee. Niletee mtu aliyeumizwa na kinu hiki, nijue kuwa hatari ipo."

"Mume wangu yuko nyumbani, ana mkono mmoja."

"Huyo ni wa enzi za baba. Nataka wa enzi zangu. Ijumaa usipomleta, vifuu vyako kavichotee maji."

Mize alirudi nyumbani na hofu. Mumewe hawezi tena kushika jembe, na kazi ile ndiyo iliyoinjika chungu chao. Tena aliwahofia wenzake wa kinuni, maana aliijua sauti ya mfupa ndani ya ufuta na hakutaka kuisikia mara ya pili. Lakini mtu aliyeumia atamtoa wapi, naye ndiye aliyewazuia wote wasiumie?

Ijumaa ikafika.

"Umemleta?"

"Sijampata, bwana. Nimewauliza wote, ni wazima. Nikaomba mmoja ajitolee, wakasema wana shughuli."

"Basi huna kazi," akasema Khelef. Kisha, ili watu wote waone kwamba yale ya Mize ni porojo za mwanamke mwoga, akaingia kinuni na joho lake, ngamia akizunguka, akatembea kifua mbele kando ya boriti. "Mnaona? Kinu hiki ni changu. Kitanifanya nini?"

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu naye akikataa kusikia huvunjika nini, hawakutuambia.

Alipogeuka kando ya kinu, pindo la joho likapeperuka, likanaswa kati ya mchi na ukingo. Mchi ukavuta. Khelef akajikuta anazunguka nyuma ya ngamia wake, kwanza kwa mwendo wa kitajiri, kisha kwa mwendo wa kawaida, kisha mbio. Akataka kulivua joho, mkumbuu ukakataa. Akavuta jambia alikate, jambia halikutoka. Lilikuwa la kutazamwa tu, kutu imeligandisha alani. Akamwamuru ngamia asimame. Ngamia hakuijua sauti yake, maana tajiri hajawahi kusema na ngamia.

Wachukuzi wawili wakaruka kumvuta. Mize akawazuia. "Msimshike. Atakayemshika ataingia naye."

"Mize," Khelef akaita akipita mbele yake. "Gonga vifuu."

"Nigonge kama nani, bwana? Si umenifukuza sasa hivi?"

Akazunguka, akarudi, ameinama zaidi.

"Nimekurudisha."

"Ahsante. Na majoho je?"

"Hayaingii tena."

"Hata la mwenye kinu?"

Tajiri akapita mbio. Kiburi ni kigumu kukitema, hata roho ikiwa kooni. Joho lilikuwa limemezwa hadi kwenye bega, na Mize akawa kama anauona tena mkono wa mumewe pale pale. Hakungoja jibu. Akagonga vifuu. Ngamia akasimama.

"Hata la mwenye kinu," akasema Khelef, amechelewa.

Wakamkatia joho kwa kisu cha jikoni. Akakaa chini na kanzu yake, anahema. Wakamnywesha maji. Akajipapasa mkono, akaupapasa na wa pili, akahesabu vidole, akavikuta vyote. Watumishi walikuwa wamesimama wanamtazama, na macho yao yakamrudishia ukubwa wake.

"Mize," akasema, "hebu tazama. Sina hata mchubuko. Mimi nilikuagiza uniletee mtu aliyeumia, na mpaka sasa hujamleta. Unasemaje?"

"Ni kweli, bwana," akasema Mize. "Kosa ni langu, nimemsimamisha ngamia mapema mno. Vaa joho lililobaki, turudi pale pale tulipoachia."