Zamu ya Yerofei

Hapo zamani, katika mji mmoja wa Urusi uliofunikwa na theluji nusu ya mwaka, alikuwako mshona viatu vya sufu jina lake Yerofei, hohehahe asiye na mbele wala nyuma, ila ulimi alipewa wa watu wawili. Na mtawala wa mji, Rostislav, alipenda sataranji kupita chakula. Hakupata kushindwa hata siku moja, kwani nani angethubutu? Tena alikuwa mzito wa kufikiri, hata akapiga mbiu kwamba mwenye zamu asiharakishwe, na wachezaji wasiondoke mezani mpaka mchezo uishe. Aliyekohoa alichapwa.

Basi siku moja Yerofei, akiwa hamamuni na wenzake, mvuke umemlegeza ulimi, akasema mtawala hashindi, huachiwa. Maneno hayana miguu lakini hufika. Nywele hazijamkauka, yuko mbele ya kiti cha enzi.

"Utacheza nami," akasema Rostislav. "Ukishindwa, ulinisingizia, kichwa chako ni halali yangu. Ukishinda, umeniaibisha, kichwa ni hicho hicho. Tukitoka sare, umejilinganisha nami."

Yerofei shoka alikwisha kuliona mlangoni. Akaketi. Rostislav akasogeza askari wake wa kwanza. Yerofei akaegemeza shavu kiganjani, akatazama ubao.

Ikawa adhuhuri, ikawa magharibi. Akaomba supu ya kabichi, akaletewa, kwani mwenye njaa hafikiri. Akasinzia pale pale mezani, akaamka, akautazama ubao tena. Waziri alitaka kumkemea, akaikumbuka mbiu, akameza hata kikohozi. Siku ya tatu pembe za wawindaji zikalia nje: dubu ameonekana, na mtawala yuko kitini, amefungwa na amri yake mwenyewe.

"Yerofei," akasema kwa upole mwingi, "utasogeza lini?"

"Mtukufu, mchezo ukiisha nami nimekwisha. Sina haraka."

Pembe zikalia tena. Rostislav akamfutia hukumu mbele ya wote, akamsihi acheze kweli, asimwachie. Yerofei akacheza kwa bidii zake zote. Hatua ya tisa, mfalme wake hakuwa na pa kukimbilia.

"Siku tatu ulikuwa ukifikiria mchezo huu?"

"Hasha, Mtukufu. Sataranji siijui. Nilikuwa nikifikiria kichwa changu."

Rostislav akacheka hata machozi, akamvika koti lake la manyoya, kwa furaha ya kumshinda mtu ambaye hakumwachia. Na kesho yake ikapigwa mbiu mpya: mwenye zamu na acheze kabla supu haijapoa.