Kanga Aliyepanda Soya kwa Mdomo Wake

Ngano yangu ije?
— Ije!
Ije mikono mitupu?
— Ije na utamu wake!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kuitana mjomba na shangazi, alikuwako Kanga mjane. Alikuwa na vifaranga wengi, shamba la urithi, na kikapu kimoja cha mbegu za soya alichoachiwa na marehemu mumewe.

Mwaka huo njaa ilikuwa imewakaba koo. Na soya, nyinyi wakulima mnajua, si mbegu ya kuwekwa. Mvua za masika zikipita ikiwa bado ghalani, inakufa. Mwakani ukiifukia, umezika maiti. Basi ilikuwa Kanga apande mwaka huo, au shamba liwe pori na watoto wake wawe ombaomba.

Lakini kanga na mbegu, tangu lini? Ukoo wao wote unajulikana kwa kufukua mbegu na kuzila. Jirani yake Kwale alicheka mpaka akakaa chini.

"Shoga, mbegu ikishaingia mdomoni mwako itatoka?"

Kanga aliona haya, maana hata yeye hakuuamini mdomo wake. Akaparura mashimo, mstari kwa mstari, kisha akamwendea Ngedere, mwenye mikono na vidole.

"Mjomba Ngedere, nipandie soya. Kila shimo mbegu mbili."

"Utanipa nini, mama?"

"Siku ya kuvuna utachagua mstari mmoja katika ile uliyopanda. Utakuwa wako."

Ngedere akanywa uji, akachukua kikapu, akaenda. Kanga akabaki nyumbani asije akashawishika. Hata jua halijafika utosini, Ngedere huyo, kikapu kitupu.

"Upesi hivyo?"

"Mikono, mama. Mikono."

Mvua ya kwanza ikanyesha. Kanga akaenda shambani, hakuna kitu. Ikanyesha ya pili, hakuna kitu. Ikanyesha ya tatu, hakuna kitu.

"Mbegu zako mbovu," akasema Ngedere. "Marehemu alikuachia maiti."

"Au umezifukua mwenyewe, shoga?" akauliza Kwale.

Maneno yale yalimchoma Kanga. Akalizunguka shamba peke yake, mpaka akafika penye kisiki. Hapo udongo ulikuwa umepasuka na kuinuka. Miche ya soya ilikuwa imesongamana, shingo juu ya shingo, yote katika shimo moja. Yule Ngedere alimwaga kikapu kizima, akafukia, akaenda zake kulala!

Kanga akalia kwa hasira. Alipokwisha kulia, akaitazama tena. "Lakini imeota," akasema. "Mume wangu hakuniachia maiti."

Miche iliyobanana vile haizai. Ilibidi ihamishwe mmoja mmoja wakati manyunyu bado yapo, na Kanga hakuwa na kikapu kingine cha mbegu wala mikono. Alikuwa na mdomo. Akaung'ata mche wa kwanza taratibu, na moyoni akaimba:

Mdomo wangu, beba usimeze,
Beba usimeze, watoto wakue.

Tumbo likamwambia, "Meza mmoja tu." Kanga akabeba, hakumeza.

Kwale akapita akamwambia, "Shoga, mmoja hauonekani." Kanga akabeba, hakumeza.

Vifaranga wakaja wakilia, "Mama, njaa." Hapo alitaka kukata tamaa. Akautia mche shimoni, akaushindilia, kisha akawafukulia watoto mchwa. "Kuleni hawa. Ile ni ya kesho." Akarudi kisikini.

Beba usimeze, watoto wakue.

Alibeba mpaka mdomo ukavimba. Alibeba mpaka kila shimo likapata mche.

Soya ikakua, ikachanua, ikajaza maganda. Siku ya kuvuna majirani wakaja kusaidia, na Ngedere naye akaja, amejipaka mafuta.

"Mama Kanga, nimefuata mstari wangu."

Majirani wakanung'unika. Kanga hakupaza sauti. "Ahadi ni ahadi, mjomba. Chagua katika ile uliyopanda."

Ngedere akapita huku, akapita kule, akachagua ulionona kuliko yote. "Huu."

"Huo ulipanda wewe?"

"Kwa mikono yangu hii."

"Kila shimo uliweka mbegu ngapi?"

"Mbili, kama ulivyoniagiza."

Kanga akang'oa shimo la kwanza, shina moja. Akang'oa la pili, shina moja. Akang'oa la tatu, shina moja.

"Mstari huu nimeupanda mimi, mmoja mmoja, kwa mdomo huu," akasema. "Shamba zima ni hivyo. Wewe ulipanda kule kisikini. Nenda ukavune."

Ngedere akaenda kutazama. Akakuta shimo na maji ya mvua. Hakurudi kuaga.

Kwale akainamisha kichwa. "Shoga, mwakani nije nikusaidie kupanda?"

"Njoo," akasema Kanga, "lakini uje umeshiba."

Basi, wenzangu, uvivu ukiufukia, mvua itaufukua. Na kama unajijua una mdomo mlafi, usimkodi mwenye mikono. Ufunze mdomo wako kazi.

Ngano yangu imefika ghalani.
— Ifungiwe mlango!
Wabaya waingie nayo?
— Wabaki nje, sisi tuko ndani!