Mashavu na Marundo Matatu ya Ukili

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, moto unatutosha sote.

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha wasukaji mikeka, paliishi mjane aitwaye Mashavu. Ada ya kijiji ilikuwa hii: anayeanza mkeka mpya husuka kwanza kipande cha kila nakshi iliyopata kusukwa tangu enzi za mabibi, apate vya kutazama anaposuka. Mashavu alikuwa na mikeka mitatu mkononi, kwa hiyo nyumbani mwake mlikuwa na marundo matatu ya vipande hivyo vya ukili, ile misuko ya ukindu inayoshonwa kuwa mkeka, yote sawasawa, yamefika darini.

Ikaja habari kwamba binti yake, Zuhura, anarudi kujifungulia kwa mama, maana ni mimba ya kwanza. Mashavu akatazama chumba. Hapakuwa na pa kuweka kinu, seuze kitanda. Akasukuma rundo la kwanza, halikusogea. Akasukuma la pili, halikusogea. Akasukuma la tatu, likamwangukia. Akaketi chini akalia.

Mjusi wa ukutani akamuuliza, "Mama Zuhura, rundo hili lina nini ambacho lile halina?"

"Hayapishani hata kidogo."

"Sasa mikeka mitatu haiwezi kutazama rundo moja?"

Mashavu aliona haya, mtu mzima yule. Akatupa marundo mawili, moja akalikunja likaingia sandukuni, na kila mkeka akaufungia kipande cha nakshi yake mpya tu. Jirani yake Mwanahija akasema, "Shoga, mimi nami nitatazamia kwako." Akatupa rundo lake. Kitanda kikaingia.

Lakini usafi nao una ulevi wake. Mashavu akapekua sanduku. "Macho ya njiwa? Mikeka yangu haina nakshi hii." Akakitoa kipande hicho, akawashia moto wa uji.

Kesho yake Mwanahija akaja na mkeka uliofika nusu. "Shoga, nipe macho ya njiwa nitazame."

"Nimeyachoma."

"Na mimi yangu nimetupa kwa kukutegemea wewe."

Nakshi ile ilibaki mahali pamoja tu: kwenye mkeka wa marehemu mama yake Mashavu, ambao Mashavu mwenyewe alizaliwa juu yake, na ambao alikuwa amemwekea Zuhura ajifungulie. Mkeka ulioshonwa huficha mwanzo wa ukili. Kuujua mwanzo huo ni kuufumua mkeka. Mashavu akaufumua huku machozi yakimtoka, hadi Mwanahija akaweza kusuka kipande kipya, kikarudi sandukuni. Tangu siku ile hakuna kilichotolewa mle bila wasukaji wote kuulizwa.

Zuhura akafika, akaona kitanda kitupu. "Mama, mkeka wa bibi uko wapi?"

"Nilichoma cha wenzangu, mwanangu, nikalipa kwa chako."

Hadithi yangu imefika kikomo hapo. Kama kuna mwenye yake, na asogee motoni.