Vitovu vya Kilima Kirunda

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko wenye akili, palikuwa na kilima kiitwacho Kirunda, mbali hata kunguru aendaye huko hufunga masurufu. Wenyewe walikuwa warina asali, na mmoja wao ni Mshangama, fukara ambaye shuka yake ilikuwa matundu mengi, nguo kidogo.

Basi Sultani Hamdani akasikia Kirunda kuna dhahabu. Akamtuma waziri na hati ya ngozi yenye muhuri: vilivyo juu ya ardhi ni vya watu, na vyote vilivyo chini ni milki ya Sultani. Wakapewa siku saba wahame, maana kilima hakichimbwi huku watu wamekikalia. Wazee wakalia. Mshangama, asiyejua hata alifu, akaomba asomewe tena lile neno "vyote", akacheka peke yake, mkewe akadhani njaa imempanda kichwani.

Siku ya saba Kirunda nzima, vikongwe na mbuzi, ikaingia barazani, ikatandika mikeka na kumwamkia Sultani, "Shikamoo, baba." Ajuza mmoja kibogoyo akauliza uji wa watoto u wapi.

Sultani akahamaki, akataka kujua nani kawaleta.

"Hati yako, bwana," akasema Mshangama. "Kwetu mtoto akizaliwa, kitovu chake huzikwa kilimani, na mtu ni wa mwenye kitovu chake. Vitovu vyetu vi chini ya ardhi, na vya chini vyote ni vyako. Tumekuja kulelewa."

"Vifukueni, mwende navyo."

"Wavijuao vilipo ni wakunga waliovizika, nao wamekufa. Wamo humohumo chini, bwana, ni wako. Waulize wewe."

Waziri akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Yule ajuza akamvuta Sultani joho, akamnong'oneza, "Baba, mimi utaniozesha lini?"

Hapo Sultani akacheka hata kilemba kikaanguka. Akaandikisha hati mpya: Kirunda, juu na chini, ni ya wenye vitovu. Kisha akamwambia Mshangama achague zawadi, naye akaomba ile hati kuukuu.

Akaishona kiraka nyuma ya shuka. Ikawa tangu siku ile kila aketipo, aukalia muhuri wa Sultani. Asemaye nimeongopa na aende Kirunda akachimbe.