Jeshi Lililobeba Mpunga

Paukwa!

(Pakawa!)

Nyie wa nyuma, mmelala? Paukwa!

(Pakawa!)

Hapo kale palikuwa na ndugu wawili katika nchi moja: Mwinyi Shomvi wa Bondeni na Mwinyi Kondo wa Mlimani. Kondo akawaacha huru watumwa wake. Shomvi akakataa. Mpunga wake ulilimwa na watumwa, ukavunwa na watumwa, akashiba yeye. Basi watumwa wakaanza kumkimbia, wakipanda mlimani.

Shomvi akatuma mjumbe kwa nduguye: "Nirudishie watu wangu!"

"Sirudishi."

Akatuma tena.

"Sirudishi."

Mara ya tatu akatangaza vita.

Zafarani, mkuu wa watwangaji wake, akaitwa. "Nifungie chakula cha jeshi. Na mwanao Faida nimempa aliyeniletea bunduki. Vita vikiisha, atamchukua."

"Bwana, usinitenge na mwanangu!"

"Mtumwa hana mwana."

Zafarani hakulia. Nawaambia, hakulia! Alijaza magunia mpunga, na maganda yake. Shomvi akachota, akatazama. "Mchele safi," akasema. Msicheke! Mtu aliyeletewa wali sahanini tangu azaliwe, mpunga ataujulia wapi?

Jeshi likaondoka, waungwana watupu, maana nani angempa mtumwa bunduki? Nyuma yao Zafarani na wanawake wenzake wakabeba vinu, wakabeba michi, wakabeba watoto, wakapanda mlimani kwa njia nyingine.

Vita vikapigwa. Ndugu wakauana, nyumba zikaungua. Inauma kusimulia. Siku ya kwanza watu wa Shomvi wakapika, mpunga ukawakwaruza koo. Siku ya pili wakauponda kwa mawe, wakatafuna changarawe. Siku ya tatu wakatupa bunduki.

Shomvi akapanda mlimani mwenyewe, midomo imemkauka.

"Zafarani, nitwangie."

"Faida ni wa nani?"

"Ni wako."

"Sema wakusikie!"

Akasema kwa sauti, jeshi lake zima pale chini likasikia. Zafarani akamkabidhi mchi. "Twanga mwenyewe."

Akatwanga mpaka viganja vikachubuka. Kisha akasema, "Haya, mko huru. Nendeni zenu."

"Twende wapi? Mashamba ya Bondeni tumeyalima sisi. Tunashuka kuyagawana."

"Nami je, nitakula nini?"

"Utapewa kipande chako," Zafarani akamwambia, "na jembe."

Wakashuka. Wakawazika kwanza wafu wa pande zote mbili, ndipo wakapima mashamba.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikiwapendeza, iwe yenu nyote; ikiwachukiza, niachieni mwenyewe.