Mhandisi Avuka na Mtoto

Siku ya kuzindua kazi ya upanuzi wa daraja la makutano walikuwepo Mhandisi Lukumay, mkuu wa wilaya Mama Mbilinyi, wapiga picha, na Chausiku muuza uji na mwanawe mgongoni.

"Bosi, tuwekee na njia ya miguu," Chausiku alimwomba mhandisi alipokuja kunywa uji. "Malori yanatukosakosa kila siku."

"Dada, mimi napanua kwa ajili ya magari!"

Akapanda gari lake. Foleni ya asubuhi ilikuwa imeganda kama kawaida, na sherehe ilikuwa ng'ambo ya daraja.

"Sasa nitavukaje?" aliuliza akishuka tena.

"Kwa miguu, bosi. Mbebe huyu, madereva watakuonea huruma," alisema Chausiku akimshusha mwanawe mgongoni.

Mhandisi akambeba mtoto, akavuka akirukaruka kila honi ilipolia, huku akimkinga vumbi kwa tai yake. Chausiku alimfuata akibana kicheko. Ng'ambo vigelegele vikalipuka.

"Hongera!" alisema Mama Mbilinyi. "Chausiku aliniambia tangu jana kwamba utavuka mwenyewe na mtoto, utuonyeshe njia ya miguu itakapopita. Unaanza lini kuijenga?"

Kamera zote zikamgeukia.

"Le... leo, mheshimiwa."

Njia ya miguu ilimalizika kabla ya ile ya magari.