Madhavi na Guru Aliyelia

Inasimuliwa miongoni mwa waja wema wa Kihindu kwamba hapo zamani, katika mji mmoja kando ya mto Narmada, aliishi mwanamke mchamungu aitwaye Madhavi. Binti yake wa pekee, Padmini, alichukuliwa na homa angali mdogo, na tangu siku ile ulimi wa mama ukawa mzito kwa sala. Alikuwa akiketi mbele ya sanamu ya Bwana Krishna, akafumbua kinywa, na neno lisitoke. Nyumbani, yeye na mumewe Govardhan hawakuthubutu kumzungumzia mtoto.

Akamuaga mumewe, akaenda kutafuta mwalimu wa kumwongoza.

Alimwendea kwanza guru mmoja, yaani mwalimu wa dini, mwenye wafuasi wengi. Yule akamwambia, "Machozi ni udhaifu wa imani. Mwache mumeo, unifuate mimi, nami nitakupa utulivu." Madhavi akatoka pale na huzuni kubwa kuliko aliyoingia nayo.

Ndipo akaelekezwa kwa Guru Achyut, mzee aliyeishi na wanafunzi wachache pembezoni mwa msitu. Alimkuta hekaluni akisali, machozi yakimtiririka ndevuni. Madhavi akageuka ili aondoke.

"Binti yangu," mzee akamwita, "umekuja kutafuta nini?"

"Utulivu wa moyo, Guruji. Lakini nimekukuta unalia."

"Nalia, kweli. Mke wangu alifariki siku kama ya leo. Nilikuwa namwambia Mola jinsi ninavyomkumbuka."

"Naye huwa anakujibu?"

"Sijapata kusikia neno. Ila sijawahi kulia hapa nikajiona niko peke yangu."

Madhavi akaketi, akaomba awe mwanafunzi wake. Mzee akakataa kwa upole. "Usifanye haraka. Kaa nasi kwanza, unitazame nikiwa na njaa, unitazame nikiudhika. Ukiona matendo yangu yameachana na maneno yangu, ondoka, wala usinionee haya."

Akakaa nao msimu wote wa mvua. Siku moja mzee alimfokea mpishi kwa wali ulioungua. Hata kabla hajala, aliinuka mkekani, akaenda jikoni, akainama kuigusa miguu ya mpishi, akamwomba radhi mbele ya watu wote. Madhavi akasema moyoni, "Huyu ndiye."

Akamwendea. "Guruji, nifundishe kusali."

"Mwambie Mola lile unaloogopa kulisema."

Madhavi akaunganisha viganja. Kisha sauti ikamtoka, "Padmini. Namtaka mwanangu." Akalia, na mzee hakumkatiza. Alipotulia, mzee akamwambia, "Umekwisha kusali, binti yangu. Sasa rudi nyumbani. Yuko mwingine aliyefiwa na mtoto yuleyule."

Govardhan alimlaki mlangoni. "Umempata mwalimu?"

"Nimempata. Amenirudisha kwako."

Jioni ile wakaketi bega kwa bega, wakamzungumzia binti yao: alivyokuwa akicheka, alivyokimbia kila alipoona kitana. Wakalia pamoja, kisha wakasali.

Ndugu zangu, Mola hataki tumfiche majeraha yetu. Na mwalimu mwema hatufungi kwake. Hutuelekeza kwa Mola, na kwa wale Mola aliotupa tuwapende.